Mzee anakonda (au ananenepa) na amekuwa mkimya: uanzie wapi kumsaidia

Baba yangu alitoboa tundu jipya kwenye mkanda wake kwa msumari. Nilimwona kabisa, amekaa kwenye kiti chake anagonga taratibu, nikamuuliza vipi mzee, akasema mkanda umelegea, nikaitikia nikaendelea na shughuli zangu. Miezi kama miwili mbele akatoboa lingine. Hapo ndo nikashtuka kwamba mkanda haujalegea, mtu ndo kapungua, na nilipoanza kuunganisha na mengine, kwamba redio alishaacha kuiwasha, simu za rafiki zake hapokei, saa kumi alfajiri yuko macho amekaa gizani peke yake, nikaona dalili zote zilikuwepo muda mrefu ila kila mmoja wetu pale nyumbani alikuwa anaona kipande chake tu. Hakuna hata siku moja aliyosema ana huzuni. Alichokuwa anasema ni "nimeshiba".

Kwa hiyo naandika hii kwa yeyote anayeishi na mzee, au anayemtembelea mara moja moja akaona kuna kitu hakiko sawa ila hajui aanzie wapi. Jambo kubwa ninalotaka ulishike ni kwamba kwa mzee uzito, sahani na mudi vinatakiwa visomwe pamoja, ukisoma kimoja peke yake utakosea. Sonona kwa wazee, au dipresheni kama wengi tunavyoiita, mara nyingi haiji na machozi. Inakuja kama kukosa hamu ya kula, usingizi kukatika, maumivu yasiyoeleweka, uchovu, kusahau sahau, kujitenga na watu. Afu sisi tunasema "ni uzee tu huo". Hapana jamani. Ni kweli uzee unapunguza hamu, pua na ulimi havishiki harufu na ladha kama zamani, tumbo linajaa mapema, hata kiu haisikiki vizuri, lakini uzee peke yake haumfanyi mtu aache vitu alivyovipenda maisha yake yote na wala haumkondeshi ghafla.

Kipimo wanachotumia wataalamu ni hiki: mtu akipoteza asilimia 5 ya uzito wake au zaidi ndani ya miezi 6 mpaka 12 bila kukusudia, hiyo ni ishara ya kufuatiliwa. Piga hesabu uone ilivyo ndogo. Mwenye kilo 60 ni kilo 3 tu, mwenye 80 ni kilo 4. Kilo 3 kwa macho hazionekani hasa kama mnaonana kila siku, zinaonekana kwenye mkanda, kwenye pete inayochezacheza kidoleni, kwenye meno ya bandia yanayoanza kulia kro kro mtu akiongea.

Na kuna upande wa pili ambao watu hawauongelei sana, wapo wazee ambao sonona inawanenepesha. Hatoki, hasogei, hana nguvu ya kupika, anakula vitu vitamu na laini kwa sababu ndo vinashuka bila kazi, usiku halali anakula tena. Mwaka 2010 ulitoka uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi za kufuatilia watu kwa miaka, ikaonekana mambo yanaenda pande zote mbili: wenye unene uliopitiliza walikuwa na uwezekano wa asilimia 55 zaidi wa kupata sonona baadaye, na wenye sonona walikuwa na asilimia 58 zaidi wa kuja kuwa na unene huo. Kwa hiyo usidhani mzee mnene yuko salama, anaweza kuwa amejaa mafuta huku misuli chini yake inaisha kimya kimya, na anayekuwa hivyo utamjua akitaka kuinuka kwenye kiti, mpaka ajisukume na mikono miwili.

Sasa tuanze kazi. Tafuta daftari, la kawaida tu. Mpime uzito mara moja kwa wiki, mizani ile ile, asubuhi baada ya kwenda haja na kabla ya kula, nguo nyepesi, bila viatu. Usipime kila siku, utajitia wasiwasi na yeye utamkera, uzito wa siku moja unapanda na kushuka kwa maji tu. Andika tarehe, kilo, na pembeni andika neno moja au mawili kuhusu hiyo wiki ilikuwaje: alilala vipi, aliongea na nani, alitoka nje au la. Hayo maneno mawili ndo yatakuja kukusaidia kuliko hata namba zenyewe. Mi nilipokuja kuangalia daftari la baba nikakuta wiki zote alizoshuka ni zile ambazo hakuna mtu aliyekula naye.

Kama hawezi kusimama kwenye mizani, au mizani hamna, chukua futi kamba ya fundi cherehani upime kigimbi, ile nyama ya nyuma ya mguu. Akae kwenye kiti, goti limekunjwa vizuri, unyayo umekaa sakafuni, mguu mtupu bila soksi. Zungusha futi sehemu nene kuliko zote bila kuibana nyama, halafu shusha kidogo na pandisha kidogo kuhakikisha hapo ndo penye unene zaidi. Chini ya sentimita 31 ni dalili kwamba lishe au misuli haiko vizuri, kipimo hiki kimo kwenye fomu ya lishe ya wazee inayotumika nchi nyingi, inaitwa MNA. Ila kama miguu imevimba, namba itakudanganya. Na ukiona uzito umepanda kama kilo 2 ndani ya siku mbili tatu, miguu inavimba au pumzi inakata, hayo siyo mafuta, ni maji, peleka mtu hospitali bila kuchelewa hasa mwenye shida ya moyo.

Baada ya mizani njoo kwenye sahani. Hapa usiulize "umekula?", atakujibu ndiyo, wazee wengi hawataki kusumbua watu. Kaa naye ule naye, siku tatu mfululizo, angalia kinachobaki. Angalia anaanza na nini, anaacha nini, anatafuna kwa muda gani, anakohoa akimeza au hakohoi. Mimi siku ya pili tu nilikuta kwenye mfuko wa shati la baba nyama iliyotafunwa imefungwa kwenye tishu, vipande vinne, amevikunja vizuri kabisa. Alikuwa anatafuna, inashindikana kumezeka, anaona aibu kuitema mbele yetu. Kumbe fizi zilikuwa zimenywea na meno ya bandia hayakai tena, yanamkwaruza, chini ya ulimi kuna kidonda. Na sisi tulikuwa tunamlaumu kwamba anachagua chakula! Iliniuma sana hiyo, na ndo sababu nasema kabla hujaita kitu sonona kagua mwili kwanza, kisha kagua mudi, kwa sababu mara nyingi viko vyote viwili na kimoja kinamlisha mwenzake.

Vya kukagua ni vingi ila sio vigumu. Mdomo: meno, fizi, vidonda, ukavu. Kumeza: akikohoa au sauti ikawa ya majimaji baada ya kunywa, anahitaji kuonwa. Choo: mzee ambaye hajapata choo siku nne hawezi kuwa na hamu, na watu hawaulizi hili kwa aibu. Maumivu yoyote sugu. Macho na masikio pia, maana asiyesikia vizuri mezani anaacha kuja mezani.

Dawa ni mada yake, hapa nikuombe utulie. Kusanya dawa zote anazotumia, zote, na zile za kununua mwenyewe na za mitishamba, weka kwenye mfuko mmoja uende nazo kwa daktari au mfamasia. Metformin ya kisukari inaweza kupunguza hamu na kuchafua tumbo, na ikitumika miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12. Dawa za kupunguza asidi tumboni kama omeprazole nazo zikitumika muda mrefu zinaweza kushusha B12. Digoxin ya moyo ikizidi mwilini moja ya dalili za mwanzo ni mtu kukataa chakula na kichefuchefu. Zipo nyingine zinakausha mdomo, nyingine zinabadilisha ladha chakula kinakuwa kama chuma. Usimwachishe dawa hata moja kwa uamuzi wako, kazi yako ni kupeleka mfuko na kuuliza.

Kuhusu B12, tumbo la mzee linaweza kushindwa kuitoa kwenye chakula hata kama anakula nyama na mayai vizuri, na upungufu wake unafanana mno na sonona: uchovu, kusahau, hasira za ghafla, huzuni, ganzi miguuni. Thairoidi, ile tezi ya shingoni, nayo hivyo hivyo. Ikilegea mtu anakuwa mzito, mvivu, ananenepa, anasikia baridi. Ikizidi kazi kwa mzee inaweza isioneshe zile dalili za kutetemeka na pilika, akakonda tu na kunyamaza. Kwa hiyo mkifika hospitali uliza kuhusu vipimo vya damu: wingi wa damu, B12, thairoidi, sukari, figo, chumvi za mwili. Ni maswali ya kawaida, hakuna daktari atakayekushangaa.

Halafu ongea naye. Hili ndo watu wanalikwepa. Usianze na "una dipresheni?", kwa wazee wengi neno hilo ni kama umemwambia amechanganyikiwa. Kaa pembeni yake, sio mbele yake kama polisi, mkiwa mnafanya kitu kingine, umuulize: siku hizi kuna kitu unakifurahia? Unaona siku ni ndefu? Kuna vitu ulikuwa unafanya umeviacha? Unajiona mzigo? Subiri jibu, wazee wanachukua muda, ukimya wa dakika nzima sio vibaya. Ipo orodha ya maswali 15 ya ndiyo au hapana iliyotengenezwa maalumu kwa wazee, GDS, wahudumu wa afya wengi wanaijua, alama zikizidi 5 mtu anatakiwa afanyiwe tathmini kamili. Hayo maswali hayagusi hamu ya kula wala uzito kabisa, makusudi, kwa sababu kwa mzee vitu hivyo vinaweza kuletwa na magonjwa mengine. Ndo maana nasema daftari lako na maswali hayo vinakamilishana.

Na uliza kuhusu kifo, moja kwa moja: "Baba, kuna wakati unaona bora usiamke?" Kuuliza hakumpi mtu wazo ambalo hakuwa nalo, kunampa nafasi ya kulitua. Mzee anayekataa chakula huku anasema "niacheni tu, mimi wakati wangu umeisha" anaweza kuwa anakuambia kitu kizito sana, usilipokee kama hekima za uzee. Akisema anataka kufa, au ameanza kugawa vitu vyake, au anahifadhi vidonge, usimwache peke yake, ondoa dawa na vitu vya hatari karibu naye, apate msaada siku hiyo hiyo.

Chakula sasa. Tuseme mzee wako ni wa kundi la wanaokonda. Kosa la kwanza tunalofanya ni kumjazia sahani. Sahani kubwa ikitua mbele ya mtu asiye na hamu anashiba kwa macho, na kama alikuwa ajaribu vijiko vitano anaacha vyote. Mpe kidogo kwenye sahani ndogo, mara 5 au 6 kwa siku, na kila hicho kidogo kiwe na nguvu ndani yake. Kijiko kikubwa cha mafuta kina kama kalori 120, kikiingia kwenye mboga au supu hakiongezi ukubwa wa sahani hata kidogo. Maziwa yaongezewe maziwa ya unga, uji upikwe na maziwa badala ya maji, karanga zisagwe laini ziingie humo, yai lichanganywe kwenye supu ikiwa jikoni.

Protini ndo ya kuilinda kuliko vyote. Mzee mwenye afya anashauriwa gramu 1 mpaka 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, aliyeugua anahitaji zaidi, isipokuwa mwenye ugonjwa wa figo ambaye lazima daktari aseme kiasi. Kwa mtu wa kilo 60 ni gramu 60 mpaka 72. Inaonekana nyingi ila hesabu: yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa kama 8, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15, kipande cha samaki au kuku cha gramu 100 ni zaidi ya 20. Mayai mawili asubuhi, glasi mbili za maziwa, samaki mchana, maharage jioni, umeshafika. Asiyeweza kutafuna, saga au ponda, lakini vitu visichanganywe vyote vikawa tope moja la kijivu, ponda kila kimoja peke yake ukiweke pembeni ya mwenzake, mtu aone anakula nini. Ladha iongezwe kwa ndimu, tangawizi, vitunguu, viungo, maana ulimi umechoka. Maji na chai apewe baada ya kula au katikati ya milo, sio kabla, vinajaza tumbo. Ila asisahaulike kunywa, kwa siku kama lita 1.6 kwa mwanamke na lita 2 kwa mwanaume ndo kiwango kinachotajwa kwa wazee, isipokuwa wale wa moyo au figo waliowekewa kikomo.

Kila mtu ana saa yake pia. Sonona nyingi huwa nzito asubuhi zinalegea jioni, ila tumbo la mzee mara nyingi linapokea vizuri zaidi asubuhi, kwa hiyo usifuate saa ya kwenye kitabu, angalia daftari lako uone ni saa ngapi huwa anakula vizuri, mlo mzito uuweke hapo. Masharti ya zamani nayo yaangaliwe upya na daktari. Mzee wa miaka 80 anayekonda huku anaendelea na katazo la chumvi, katazo la mafuta na katazo la sukari yote kwa pamoja, chakula chake hakina ladha wala nguvu, inawezekana baadhi ya hayo masharti sasa hivi yanamuumiza zaidi ya kumsaidia.

Na jamani msimlazimishe. Kijiko kinachosukumwa mdomoni kinavunja heshima ya mtu mzima aliyewalea. Kaa ule naye, ongea habari nyingine kabisa, usihesabu vijiko kwa sauti. Mpe kazi ndogo, achague kati ya vitu viwili, amenye, akoroge, aonje chumvi. Baba yangu alianza kurudi mezani siku tulipomwambia yeye ndo aseme supu imeiva au bado, ikawa kazi yake.

Tahadhari moja ambayo wengi hawaijui: kama mzee amekaa siku 5 au zaidi bila kula au kwa kula kidogo sana, usimshindilie chakula kingi siku moja ukidhani unamwokoa. Mwili uliozoea njaa ukipewa chakula kingi ghafla, madini ya fosforasi, potasiamu na magnesiamu yanaweza kushuka kwenye damu kwa kasi, moyo ukayumba, mtu akafa. Huyo apelekwe hospitali waanze naye taratibu na vipimo.

Kwa yule aliyenenepa, usimpe dayati kali. Mzee akipunguzwa haraka anapoteza misuli na mifupa pamoja na mafuta, na misuli hiyo kuirudisha ni kazi kubwa. Ondoa vinywaji vya sukari, protini ibaki juu, mboga ziongezeke, na aanze mazoezi ya nguvu. Rahisi kuliko yote ni kukaa na kuinuka kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, mara tano, apumzike, mara tano tena, huku mtu amesimama karibu. Mazoezi yanasaidia mudi pia, kwa hiyo hapo umepiga sehemu mbili.

Vidonge vya virutubisho watu wananiuliza sana. Utafiti mkubwa wa Marekani uliofuata zaidi ya watu 18,000 wa miaka 50 na kuendelea kwa miaka kama mitano, majibu yake yakatoka 2020, ulionesha vitamini D ya kila siku haikuzuia sonona, na 2021 yakatoka ya mafuta ya samaki, nayo hayakuzuia. Kwa hiyo mwenye upungufu uliopimwa atibiwe upungufu wake, ila asiyepungukiwa usimnunulie kopo ukitegemea huzuni itaondoka. Chakula chenyewe kina matumaini zaidi. Australia mwaka 2017 walichukua watu wazima 67 wenye sonona, nusu wakasaidiwa na mtaalamu wa lishe kubadilisha mlo kwa wiki 12, mboga, matunda, kunde, samaki, mafuta ya zeituni, nusu wakapewa mtu wa kukaa nao na kuongea nao tu. Waliopata nafuu kubwa ni karibu theluthi kwenye kundi la chakula, kwenye lile lingine asilimia 8. Walikuwa wachache na haukuwa utafiti wa wazee peke yao, na wengi wao walikuwa kwenye matibabu tayari, kwa hiyo chakula kinaenda pamoja na matibabu, hakiyafukuzi.

Na matibabu yapo, wazee wanapona sonona. Ushauri nasaha unafanya kazi kwao vizuri tu. Dawa nazo zipo, ila mwambie daktari hali ya uzito kabla hajaandika kwa sababu hazifanani: mirtazapine huwa inaongeza hamu na uzito, fluoxetine inaweza kupunguza hamu hasa mwanzoni. Dawa za kundi la fluoxetine kwa wazee zinaweza pia kushusha sodiamu kwenye damu, hivyo akianza dawa akawa anachanganyikiwa, anaumwa kichwa au anayumba wiki za kwanza, rudi hospitali upimishe. Nafuu inachukua wiki kadhaa, kwa mzee inaweza kufika 8, na wakati mwingine usingizi na hamu vinatangulia kabla yeye mwenyewe hajasema anajisikia vizuri. Akianza kucheka msiseme amepona mkaacha dawa, daktari ndo atapanga kuishusha, kawaida ni baada ya miezi mingi ya kuwa sawa. Daftari liendelee, ukiona mistari miwili mitatu mfululizo kilo zinashuka na pembeni umeandika "hakutoka", usisubiri mkanda utobolewe tena, piga simu kliniki wiki hiyo hiyo.